Msimwage Maji

Kwa Shangazi Nabwile,
Nyuma ya soko, Voi.
Jumapili, mwezi wa Juni.

Kwa Baba yangu mpendwa, Jeconia Oundo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, binti yako Branice. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Funyula, na kwamba nyanya ameanza kula vizuri na kutoka nje kuota jua la asubuhi. Shangazi ameniambia mguu wake umepungua uvimbe na kwamba sasa anawagombeza tena wajukuu. Nilifurahi kusikia hivyo, maana nyanya akinyamaza ndipo tunapoogopa. Msalimie sana, mwambie namwombea kila siku. Sisi huku hatujambo. Shangazi bado anadamka kwenda kupokea kabichi zinazoshuka kutoka Mghange, na siku za Jumamosi anapata vitunguu vya Chala, kwa hivyo nyumba nzima inanuka vitunguu mpaka daftari zangu. Mvua imekwisha na vumbi limerudi.

Baba, utashangaa kwa nini nakuandikia na simu zipo. Kila nikikupigia, nikitaja mambo ya shule, unaniambia mwanangu hayo yamekwisha, wewe soma tu. Halafu unauliza kama nimekula. Nimejaribu mara nyingi na kila mara umenifunga mdomo kwa upole. Barua huwezi kuikata katikati. Ndiyo maana nimempa jirani yetu Oluoch, anayesafiri kesho kwenda Busia, akuletee mkononi. Nakuomba kwa heshima uisome mpaka mwisho kabla ya kunipigia.

Nataka kuanza na kitu chenyewe kilichowaka. Watu wote wamekwambia habari za moto, lakini sidhani kuna aliyekueleza kilichokuwa ndani ya ile chupa ya maabara.

Ukutani mwa maabara yetu kuna jedwali la elementi. Safu ya kwanza kabisa upande wa kushoto ni ya metali alkali: lithiamu, sodiamu, potasiamu, na nyingine chini yake ambazo shule hazithubutu kuziweka. Usifikirie chuma cha kisu chako cha kukatia mkonge. Sodiamu ni laini, unaikata kama kipande cha sabuni. Ndani yake inang'aa kama kioo, lakini kabla hujamwita mwenzako aje aone, imekwisha kufifia, kwa sababu hewa imekwisha kuishika. Ndiyo maana inahifadhiwa ndani ya mafuta ya taa. Kila atomu yake ina elektroni moja tu upande wa nje kabisa, na haina nguvu ya kuishikilia. Ikikutana na maji inaiachia papo hapo, joto linatoka, gesi ya hidrojeni inatoka, na gesi hiyo ndiyo inayoshika moto. Lithiamu inatokota taratibu juu ya maji. Sodiamu inayeyuka na kuwa kidonge kinachokimbia huku na huku. Potasiamu haingoji, inawaka yenyewe kwa ndimi za zambarau. Kadiri unavyoshuka kwenye safu hiyo ndivyo ukali unavyozidi, kwa kuwa ile elektroni inakaa mbali zaidi na kiini na ni rahisi kuondoka.

Safu ya pili ni ya metali za ardhi alkali. Hizi zina elektroni mbili upande wa nje na ni tulivu zaidi. Kalsiamu unaijua hata kama hukujua jina lake, maana ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la Shangazi umetokana na kalsiamu na magnesiamu zilizomo kwenye maji yetu magumu. Magnesiamu yenyewe tunaiweka ikiwa utepe uliokunjwa. Ukiitia kwenye maji baridi, hata ukikaa unaitazama huoni kitu. Lakini ikishawaka inatoa mwanga mweupe ambao Mwalimu Wambua hutukataza kuukodolea macho, na ukiimwagia maji wakati huo inayanyang'anya maji oksijeni yake na kuzidi kuwaka.

Haya yamo kwenye vitabu vya shule, tena tuliyasoma tukiwa kidato cha pili. Hayakuwa siri ya mtu yeyote.

Mimi ndiye kiranja wa maabara tangu mwaka jana. Kazi yangu ni kuhesabu vifaa baada ya mazoezi, kupangusa meza na kufunga stoo. Shule zilipofunguliwa baada ya Pasaka, niliona mambo mawili. Chupa ya sodiamu kifuniko chake kilikuwa kimepasuka, na mafuta ya taa yalikuwa yamekauka mpaka vipande vya juu vikabaki wazi, vimevaa utando mweupe. La pili, dari ya stoo ilikuwa imeingia maji. Palikuwa na duara la kahawia juu ya kabati, na mbao za dari zilikuwa laini kama mkate uliolowa. Nilimwambia Mwalimu Wambua. Alikwenda ofisini kuomba mafuta na fundi wa mabati, akarudi akasema tumeambiwa tungoje. Tukangoja. Mvua haikungoja.

Ndipo nikaenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, Bi Kasyoki. Nilibisha, nikasimama mlangoni kama tulivyofundishwa, nikamweleza. Aliniambia mwanafunzi hawezi kumfundisha mtu mzima mahali pa kupigilia bati. Nikamjibu kwamba sikuja kufundisha, ila dari ikiendelea kuvuja, siku moja stoo ile itawaka moto. Katibu wake alikuwepo akasikia. Maneno hayo uyaweke akilini, Baba, kwa sababu yalikuja kugeuzwa.

Jumamosi ya mvua ile kubwa, wenzangu walikuwa kwenye bwalo la chakula wakitazama filamu. Mimi nilikwenda maabara kuona hali. Maji yalikuwa yanadondoka juu ya kabati, tone baada ya tone, na mlango wa kabati ulikuwa umevimba ukagoma kufunguka. Sikuwa na chombo chochote cha kukinga. Nikatoka mbio kwenye mvua mpaka langoni kwa Mzee Mwangangi, mlinzi wetu, unamkumbuka, yule mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto. Nilimwomba ndoo na mtaimbo wa kuvunjia kabati. Akachukua ndoo moja, nami moja, tukakimbia pamoja. Tulikuwa hatujafika tuliposikia mlio, kama mtu aliyepasua chupa ukutani. Dirisha la stoo likawa la manjano, manjano makali ya sodiamu. Halafu ile spiriti ya taa za maabara ikashika, na baadaye kidogo ukaja mwanga mweupe ulioifanya mvua yenyewe ionekane kama nyuzi za fedha. Nikajua utepe wa magnesiamu umewaka.

Watu walikuja kutoka kila upande. Wapishi walikuja na sufuria za maji, wasichana wakiwa na mabeseni. Nikasimama mbele ya mlango nikapiga kelele, msimwage maji, leteni mchanga. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nilimsukuma mpishi mmoja mkono, maji yake yakamwagika chini. Mzee Mwangangi alifikiri nimechanganyikiwa kwa hofu. Alinipita, akatupa ndoo nzima ndani.

Ulipuko uliofuata ndio uliomchoma. Maji yenye magadi makali ya sodiamu yaliruka yakaumwagikia mkono wake wa kulia, kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Nilimvuta nikamweka chini ya mfereji wa bomba la paa, mvua ikamwosha mkono muda mrefu, nikakataa wasimpake mafuta wala dawa ya meno. Hapo ndipo watu walipokumbuka mchanga. Stoo iliungua yote, na nusu ya maabara. Hakuna mtu aliyekufa, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Jumatatu, mbele ya shule nzima, niliambiwa mimi ndiye niliyechoma. Mwalimu mmoja aliniona nikitoka maabara mbio kabla ya moto. Katibu alikumbuka nilivyosema stoo itawaka. Na wasichana na wapishi, bila nia mbaya, walieleza walichokiona: Branice alisimama mlangoni akazuia watu wasizime. Ukiyapanga hivyo matatu, hata mimi ningeamini. Unajua jinsi shule nyingi zimechomwa na wanafunzi miaka hii, watu wameshazoea kusikia, wala hawaulizi sana. Niliposema muulizeni Mzee Mwangangi, tulikuwa pamoja langoni, Bi Kasyoki aliniambia ni aibu kujificha nyuma ya mzee niliyemuunguza. Mzee alikuwa hospitalini, amefungwa bandeji, na hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Kuhusu siku uliyoitwa shuleni nitaandika baadaye. Unajua tulivyoondoka, unajua ulivyonileta kwa Shangazi, na jinsi ulivyopigiwa simu ya ugonjwa wa nyanya ukapanda basi jioni ile ile. Kuanzia hapo huna habari zangu, isipokuwa zile ulizopewa na wengine.

Siku za kwanza nililala tu, uso nimeugeuzia ukuta. Shangazi hakunibembeleza. Siku moja alirudi kutoka sokoni, akaweka kikapu chini, akaniuliza, "Ulichoma?" Nikasema hapana. Akauliza tena, akinitazama machoni. Nikasema hapana, Shangazi, nilikuwa naomba ndoo. Akasema basi inuka uoge, mtu ambaye hakuchoma hawezi kulala mchana kama mgonjwa.

Alinipeleka hospitali yeye mwenyewe. Mzee Mwangangi alikuwa amekaa kitandani, mkono umetundikwa. Nilifikiri atanifukuza. Badala yake alianza kuniomba radhi, mzee wa umri ule. Alisema, "Uliniambia nisimwage, nikaona mtoto ataniambia nini kuhusu moto." Aliposikia nimefukuzwa alishusha miguu chini kana kwamba anataka kuondoka pale pale. Watu wa shule walikuwa wamemtembelea na matunda, wakamwambia apone kwanza, mambo mengine yanashughulikiwa. Alikuwa hajui kinachoshughulikiwa ni mimi.

Kisha nikamtafuta Mwalimu Wambua. Nilimkuta nje ya kanisa. Nilimwomba aje mbele ya bodi na kipande cha sodiamu, aseme anachokijua kuhusu sodiamu na kuhusu ile dari. Alitazama viatu vyake. Aliniambia yeye ameajiriwa na bodi ile ile, kwa mkataba wa mwezi kwa mwezi, na ana watoto. Nilimwambia hata Baba yangu ana watoto, na mmoja wao ni mimi. Baba, sikumwambia kwa sauti ya adabu. Niliondoka nikimwacha amesimama pale na Biblia yake. Nilikuwa na hasira naye kuliko niliyokuwa nayo kwa Bi Kasyoki, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha.

Shangazi alikwenda ofisi ya elimu akakaa kwenye benchi lao mpaka wakachoka kumwona. Walimpa tarehe. Kesi yangu ingesikilizwa upya na bodi, na afisa mmoja wa elimu angekuwepo.

Siku ile nilivaa sare. Shangazi aliuliza kama si ujeuri kuvaa sare ya shule iliyonifukuza. Nikamwambia ndiyo, ni ujeuri. Akanipigia pasi kola.

Tulikaa kwenye chumba cha walimu. Mwenyekiti wa bodi, Bwana Muinde, alikuwa katikati, Bi Kasyoki kuliani kwake, na yule afisa, mama mmoja mkimya, pembeni. Walisoma mashtaka. Walipomaliza waliniuliza kama nina la kusema, nami nikasema ninalo, ila nahitaji kipande cha sodiamu, na yote ya shule iliungua. Bwana Muinde alitabasamu kidogo. Alisema basi hilo haliwezekani.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mwalimu Wambua. Hakuniangalia. Alitoa kwenye mfuko wa koti chupa ndogo yenye mafuta ya taa, akaiweka mezani, akasema ameiazima kwa mwenzake wa shule nyingine ya Voi. Kisha akasema dari ile aliiripoti yeye, ofisini, kwa mdomo wake, na akajibiwa angoje. Bi Kasyoki alimwita kwa jina lake la kwanza. Mwalimu akasema, "Madam, nimekwisha kusema." Akavaa miwani, akachukua koleo.

Nilikata kipande kidogo, kama punje ya hindi. Nikakipangusa mafuta, nikakiweka juu ya kipande cha bati nilichotoka nacho kwa Shangazi. Nikaomba wote wasogee nyuma. Kisha nikamwomba Bwana Muinde adondoshe maji yeye mwenyewe, ili asije akasema nimeyatia kitu. Alikuwa na chupa yake ya maji ya kunywa. Mwalimu alimpa bomba la kudondoshea. Aliinama, akadondosha tone moja. Kile kipande kikafoka, kikapiga cheche, kikawaka manjano mbele ya macho yake. Aliruka nyuma mpaka kiti kikaanguka.

Nikamwambia, "Hivyo ndivyo dari ilivyofanya. Mimi nilikuwa langoni."

Usifikiri hapo waliinuka kunipongeza. Bwana Muinde aliokota kiti chake, akakaa, akasema jambo hili linaonyesha tu kwamba kitu hiki kinaweza kuwashwa na maji. Halionyeshi kuwa si mimi niliyeyamwaga. Alikuwa amesema kweli, na nilijua.

Ndipo Shangazi akatoka nje akarudi na Mzee Mwangangi. Alikuwa na bandeji bado, na kofia yake ya sufu. Hawakumpa kiti, Mwalimu Wambua akampa chake. Akaeleza polepole. Nilikuja langoni nimelowa, nikaomba ndoo na mtaimbo kwa sababu stoo inavuja. Tulikuwa tunakimbia bega kwa bega, mimi na yeye, moto ulipolia. Bi Kasyoki alimuuliza kwa nini hakusema mapema. Mzee akasema, "Mlikuja na machungwa, hamkuja na swali." Kisha akainua ule mkono. Akasema mtoto huyu alinikataza, nami sikumsikia, na hiki ndicho nilichopata. Kama angekuwa mchomaji angeniacha nimwage.

Afisa wa elimu aliinuka. Aliomba tu aonyeshwe stoo. Tulikwenda wote. Juu ya mahali kabati lilipokuwa, kwenye kipande cha paa ambacho hakikuanguka, bati lilikuwa na tundu lililoliwa na kutu, na jua lilipita likaanguka sakafuni pale pale chupa ilipokaa. Alitazama juu, akatazama chini, akaandika. Alimuuliza Bi Kasyoki tundu lile lina umri gani.

Baba, mwisho wake ni huu. Shule imenirudisha. Kwenye gwaride la asubuhi mwalimu mkuu alitangaza kwamba moto ulitokana na kemikali zilizonyeshewa, akageukia habari za michezo. Jina langu hakulitaja. Tangu siku hiyo tukipishana anatazama saa yake. Paa lina mabati mapya. Mwalimu Wambua hakuongezewa mkataba, kama alivyojua tangu mwanzo, na sasa anafundisha shule moja upande wa Marungu ambako anasema wasichana wanakuja darasani na harufu ya mbuzi na maswali mazuri. Nilikwenda kumuaga nikamwomba radhi kwa maneno yangu ya pale kanisani. Akasema nisiyarudishe, yalikuwa na kazi. Mzee Mwangangi amerudi langoni, anafungua kwa mkono wa kushoto.

Sasa nafika kwenye lile nililoliweka nyuma.

Tulipotoka stoo siku ile, Bwana Muinde alitaka kufunga kikao kwa amani. Alisema bodi imenisamehe. Alitaka nisimame mbele ya wanafunzi niombe msamaha kwa fujo zilizotokea, kisha kila mtu aendelee na shughuli zake. Nikasema siwezi. Akasema mbona ninakuwa mgumu, na mzazi wangu mwenyewe alikwisha kukiri kwa niaba yangu.

Hakuniambia jambo jipya, Baba. Siku uliyoitwa, uliniacha kwenye benchi nje ya ofisi. Dirisha lilikuwa wazi. Nilikusikia. Nilikusikia ukisema ni kweli, mtoto amekosa, ni utoto, mama yake alikufa mapema na mimi niko shambani mchana kutwa. Kisha nikasikia kiti kikisogea. Niliinuka nikachungulia, nikakuona umepiga magoti kwenye saruji, umevaa ile suruali yako ya kanisani, mikono umeikunja kama mtu anayengoja ushirika mtakatifu. Ulipotoka ulijipangusa magoti ukidhani sijaona. Ukaniambia twende, mambo yatakuwa sawa.

Sikuwahi kukuambia kwa sababu sikujua niseme nini. Moto haukuniumiza kama magoti yale. Nililala nimegeukia ukuta kwa ajili ya magoti yale, wala si kwa kufukuzwa. Najua kwa nini ulifanya vile. Pale mashambani mtu akishaitwa mzazi wa mchomaji, hata nyumba ya kambi ya wafanyakazi anaweza kunyang'anywa. Umefanya kazi miaka mingi kwa kuinamisha kichwa, na kichwa kilichoinama ndicho kilichonilipia karo. Sikudharau hilo, na sitaruhusu mtu alidharau mbele yangu.

Lakini nilimjibu Bwana Muinde hivi, mbele ya wote: "Baba yangu aliwaomba kwa sababu ananipenda. Yeye hakuwa kwenye ile mvua. Mimi nilikuwa." Nikasema siwezi kupokea msamaha wa kosa nisilolitenda, hata ukiwa umeombwa na baba yangu mzazi, na kwamba maneno aliyoyasema ndani ya ofisi ile ninayafuta. Nilisema mbele ya watu wazima kwamba Baba yangu alisema uongo. Wako watakaokuambia Branice hana adabu, alimkana babake hadharani. Waambie ni kweli, nilikana yale maneno, na nitayakana tena nikiulizwa kesho. Wewe sijakukana.

Nimesikia kwamba umewaambia watu wa Funyula kuwa binti yako alikosa akasamehewa, Mungu ni mwema. Shangazi alinieleza huku akimenya vitunguu. Baba, sikusamehewa. Sikuwa na hatia. Naomba uwaambie hivyo wote uliowaambia vile, kuanzia nyanya. Ukiona haya kusema, wasomee ukurasa huu.

Na jambo moja zaidi. Siku ya wazazi ni mwezi ujao, na afya ya nyanya ikiruhusu nataka uje. Utakaa mstari wa mbele. Utapita mbele ya ofisi ile, na Bi Kasyoki akikupa mkono, umpe wako ukiwa umesimama wima. Usipige magoti tena kwa ajili yangu mbele ya mtu yeyote isipokuwa Mungu. Nakuomba nikiwa mtoto wako, lakini nakuomba kwa nguvu.

Nimejiandikisha kemia kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka. Wengine walinishauri niiache. Sikuiacha.

Shangazi anakusalimu, anasema umletee samaki wakavu wa ziwani, wa hapa hawana ladha. Mpe nyanya mkono wangu, na ukimaliza kusoma, nipigie. Safari hii nitanyamaza mimi, wewe ndiye utakayesema. Mungu akulinde huko uliko na akurudishe kwetu salama.

Mimi binti yako anayekupenda na asiyejuta,

Branice Ajiambo Oundo